Je, Sayari ni Nane au ni Tisa? Khabari ya Wataalamu Waliokubali Kusahihishwa



Mwezi huu tumependa kuzungumza nanyi juu ya jua na sayari zake, na namna wanaadamu walivyokuwa wakizifahamu hivi, khalafu wakazifahamu vingine, zama baada ya zama. Lakini kabla ya kuingia katika maneno yenyewe, yatupasa tueleze kisa kilichotutia katika uchunguzi huu. Kisa hicho ni kosa letu wenyewe, na mwalimu afichaye kosa lake hana uso wa kusahihisha makosa ya wanafunzi.

Mwaka uliopita, katika mwezi wa Shaabani, tulikuwa tukiwasomesha watoto chuoni kwetu mambo ya kuandama kwa mwezi. Maneno yakatuchukua kutoka mwezini hata nyota, na kutoka nyota hata sayari. Tukawaambia watoto kwamba sayari zinazolizunguka jua ni tisa, kama tulivyofundishwa sisi katika shule ya msingi. Pale binti mmoja wa miaka kumi na moja, aliyekuwa amekaa mwisho wa mkeka, akainua mkono akasema kwa adabu, "Samahani, Maalim, shuleni tumefundishwa kuwa ni nane."

Tukamjibu, "Kaa kimya, mwanangu. Sisi tulizihesabu tisa kabla mama yako hajazaliwa." Wenziwe wakacheka. Yule binti akavuta ushungi wake usoni, akainama juu ya msahafu wake. Juma lile lote hakuinua tena mkono, hata katika masomo ambayo tulijua kuwa anayafahamu.

Baadaye tukamsimulia jambo lile kijana mmoja wa ukoo wetu anayesomesha sayansi katika shule ya sekondari, tukitaraji kuwa atacheka pamoja nasi. Hakucheka. Alituletea vitabu, tukavisoma usiku baada ya sala ya Isha. Tukaona ya kwamba binti yule alisema kweli, na kwamba khabari hiyo ilikuwa imekwisha kutangazwa tangu mwaka 2006, kabla yeye hajazaliwa. Basi makosa yetu yalikuwa mawili. La kwanza ni kutojua, na hilo lina udhuru. La pili ni kumtahayarisha aliyejua, na hilo halina udhuru.

Haya tuyaandikayo ndiyo tuliyoyapata katika vitabu vile na vingine.

DUNIA KATIKATI

Mtu akikaa barazani kwake akatazama mbinguni, macho yake humwambia kwamba dunia imetulia, na kwamba jua, mwezi na nyota ndizo zinazokwenda. Kwa hiyo si ajabu watu wa kale kuamini hivyo. Alikuwako Myunani mmoja, jina lake Aristarchus wa Samos, aliyesema karne ya tatu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa kwamba jua ndilo lililo katikati na dunia ndiyo inayolizunguka, lakini wengi hawakumfuata.

Aliyefuatwa ni Ptolemy, ambaye Waarabu humwita Batlamyus, mtaalamu aliyeishi Iskandaria ya Misri katika karne ya pili. Yeye aliiweka dunia katikati, na kuizunguka akaweka mwezi, Utaridi (ndiyo iitwayo pia Zebaki), Zuhura, jua, Mirihi, Mushtari na Zuhali. Kitabu chake kikubwa kikafasiriwa kwa Kiarabu kikaitwa al-Majisti.

Lakini palikuwa na jambo lililowasumbua wote. Sayari kama Mirihi huonekana ikienda mbele miongoni mwa nyota, khalafu husimama, ikarudi nyuma kwa muda wa miezi miwili au zaidi, kisha ikaendelea na safari yake. Ili kulieleza hilo, Batlamyus alisema kwamba kila sayari hukimbia katika duara dogo, na duara dogo hilo huchukuliwa na duara kubwa. Hesabu zake zilisaidia kujua mahali pa sayari kwa miaka elfu moja na zaidi. Si kazi ya mtu mjinga, wala haifai kumcheka.

WAISLAMU WALIOPIMA TENA

Vijana wengi hudhani kwamba baada ya Wayunani watu walilala mpaka Wazungu walipoamka. Dhana hiyo si ya kweli. Waislamu walihitaji kujua nyakati za sala, mwelekeo wa kibla na mwanzo wa miezi, kwa hiyo elimu ya falaki haikuwa mchezo kwao. Walikipokea kitabu cha Batlamyus kwa heshima, wakakisoma, khalafu wakafanya jambo ambalo ndilo asili ya elimu: wakapima tena.

Al-Battani alizitazama mbingu katika mji wa Raqqa, nchi ya Sham, kwa muda wa kiasi cha miaka 40, akafariki mwaka 929. Batlamyus aliona kwamba upana wa jua machoni petu haubadiliki. Al-Battani akapima, akaona kwamba hubadilika kidogo, na kwa sababu hiyo yawezekana jua likapatwa na mwezi likabaki kama pete ya moto. Alimheshimu mwalimu wake, na alimsahihisha.

Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alizungumza juu ya rai ya kwamba dunia yenyewe ndiyo inayojizungusha. Akasema kwamba rai hiyo haiharibu hesabu za falaki hata kidogo, maana yaonekanayo mbinguni yanaweza kuelezwa kwa rai hii kama yanavyoelezwa kwa ile. Tazameni utulivu wa mtu huyu. Hakuogopa swali.

Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeishi Misri katika siku zake za mwisho, alitunga kitabu kizima cha kueleza shaka zake juu ya Batlamyus. Alisema kwamba duara za kuwaza tu, ambazo haziwezi kuwapo kwa hakika, haziwezi kuisukuma sayari ya kweli. Baada yake, mwaka 1259, ikajengwa huko Maragha, nchi ya Uajemi, nyumba kubwa ya kutazamia nyota chini ya Nasir al-Din al-Tusi. Yeye alibainisha kwa hesabu kwamba duara likibingirika ndani ya duara jingine lililo kubwa yake mara mbili, nukta iliyo pembeni mwa duara dogo itakwenda na kurudi katika mstari ulionyoka. Kwa hila hiyo ya hesabu aliweza kuondoa baadhi ya kasoro za Batlamyus.

Na sasa tumtaje mtu mmoja ambaye tunapenda kila mtoto wa chuoni amjue. Huyo ni Ibn al-Shatir, aliyeishi Damascus kuanzia 1304 hata 1375. Kazi yake ilikuwa ni kuweka nyakati za sala katika Msikiti mkuu wa Bani Umayya. Hesabu za Batlamyus juu ya mwezi zilikuwa na aibu moja kubwa: zilifanya mwezi utukaribie na kutuepuka kwa kadiri ambayo wakati fulani ungepasa kuonekana mpana karibu mara mbili kuliko wakati mwingine. Mama yeyote atazamaye mwezi kutoka uani kwake anajua kwamba haiwi hivyo. Ibn al-Shatir akatengeneza hesabu mpya zilizoiondoa aibu ile. Hata hivyo yeye naye aliiacha dunia katikati. Tunalisema hili kwa sababu haifai kuwasifu wazee wetu kwa jambo ambalo hawakulifanya, waliyoyafanya yanawatosha.

JUA KATIKATI

Mwaka 1543 kilipigwa chapa katika mji wa Nuremberg kitabu cha Nicolaus Copernicus wa Poland, na mwaka huo huo mwenyewe akafariki. Kitabu hicho kilisema kwamba jua ndilo lililo katikati, na dunia ni sayari moja miongoni mwa sayari. Ndani yake Copernicus alimtaja al-Battani kwa jina. Hesabu zake za mwezi ni sawasawa na zile za Ibn al-Shatir, na ile hila ya duara mbili za al-Tusi imo pia. Wataalamu wa zama zetu wangali wanachunguza njia ambayo elimu ile ilipitia hata ikamfikia.

Kwa rai ya Copernicus, kurudi nyuma kwa Mirihi kukawa jambo jepesi. Aliyepata kusafiri baharini atafahamu upesi. Jahazi lako likienda kasi na kulipita jahazi jingine, utaliona lile jingine kama linarudi nyuma, hali nalo linakwenda mbele. Hivyo ndivyo dunia inavyoipita Mirihi katika njia yake.

Lakini Copernicus naye alikosea. Aliamini kwamba njia za sayari lazima zifanyike kwa duara kamili, kama walivyoamini waliomtangulia. Aliyelisahihisha hilo ni Johannes Kepler wa Ujerumani. Mikononi mwake zilikuwamo hesabu za Tycho Brahe wa Denmark, ambaye alipima mahali pa sayari kwa miaka mingi kwa macho matupu, bila ya darubini. Kepler akajaribu kuiweka Mirihi katika njia ya duara, na hesabu zikapatana na vipimo, isipokuwa tofauti ya dakika 8 za digrii. Hiyo ni kama robo tu ya upana wa mwezi tuuonao. Mtu mwingine angeliiacha. Kepler aliuamini ukweli wa vipimo vya Tycho, akaitupa kazi yake ya miaka, akaanza upya. Mwaka 1609 akatangaza kwamba njia ya sayari si duara kamili, bali ni mviringo uliorefuka kidogo, na jua haliko katikati yake hasa.

Mwaka uliofuata, 1610, Galileo Galilei wa Italia akatangaza aliyoyaona kwa darubini: miezi minne inayoizunguka Mushtari. Basi si kila kitu kinachoizunguka dunia. Khalafu akaona kwamba Zuhura nayo hukua na kupungua kama mwezi, tena kwa namna isiyowezekana isipokuwa ikiwa inalizunguka jua. Mwaka 1633 wakuu wa dini yao huko Roma wakamhukumu, wakamlazimisha akane maneno yake, na akazuiliwa nyumbani mpaka kufa kwake mwaka 1642. Mwaka 1992, Papa Yohana Paulo wa Pili alikiri hadharani kwamba waliomhukumu Galileo walikosea.

Hapa baadhi yetu hupenda kuwacheka wa Roma. Tungoje kidogo. Mwaka 1577 ilijengwa Istanbul, mji wa Waislamu, nyumba nzuri ya kutazamia nyota kwa ajili ya mtaalamu Taqi al-Din. Mwaka 1580, baada ya miaka mitatu tu, ikavunjwa kwa amri ya Sultani yule yule aliyeiruhusu. Woga wa elimu hauna taifa wala dini. Ni maradhi ya nafsi, na huingia katika nyumba yoyote iliyoacha mlango wazi.

Mwaka 1687 Isaac Newton wa Uingereza akaeleza kwa nini sayari hazitawanyiki. Nguvu ile ile inayoliangusha embe kutoka mtini ndiyo inayoushika mwezi uizunguke dunia, na ndiyo inayozishika sayari zilizunguke jua.

SAYARI ZIKAONGEZEKA, KHALAFU ZIKAPUNGUA

Tangu zama za kale mpaka mwaka 1781 hakuna aliyejua sayari iliyo mbali kuliko Zuhali. Mwaka huo, tarehe 13 Machi, William Herschel, mwanamuziki aliyeishi Bath, Uingereza, aliona kwa darubini aliyoiunda mwenyewe kitu asichokijua. Alidhani ni nyota yenye mkia. Kumbe ilikuwa ni sayari, nayo ni Uranus.

Tarehe 1 Januari 1801 Giuseppe Piazzi akaiona Ceres kutoka Palermo, nayo ikahesabiwa kuwa ni sayari. Lakini punde zikaonekana nyingine ndogo ndogo katika njia zilizo karibu na njia yake, na baada ya miaka kadhaa wataalamu wakaitoa katika hesabu ya sayari kubwa. Likumbukeni jambo hili, maana lilikuja kutokea tena.

Uranus nayo haikwenda sawasawa na hesabu. Mfaransa Urbain Le Verrier akasema kwamba lazima iko sayari nyingine inayoivuta, akapiga hesabu kwa kalamu na karatasi, akaonyesha mahali pake. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846, Johann Galle akaielekeza darubini huko Berlin, na sayari ikaonekana chini ya digrii moja kutoka mahali palipotajwa. Hiyo ndiyo Neptune.

Ushindi huo ukampa Le Verrier ujasiri. Aliona kwamba Utaridi nayo ina upungufu mdogo katika mwendo wake, akasema kwamba iko sayari nyingine karibu zaidi na jua. Ikapewa jina la Vulcan, na watu wakaitafuta kwa miaka mingi. Haikuwapo. Mwaka 1915 Albert Einstein akabainisha kwamba upungufu ule hautokani na sayari iliyofichika, bali kanuni ya Newton yenyewe ndiyo iliyotaka kusahihishwa. Basi mtu yule yule, kwa njia ile ile ya kufikiri, alipatia mara moja na akakosea mara ya pili. Hili peke yake latosha kutufundisha kwamba aliyepatia jana hana hakika ya kupatia leo ila kwa kupima.

Sasa tumefika kwenye ile sayari ya tisa. Tarehe 18 Februari 1930, kijana wa miaka 24, Clyde Tombaugh, aliiona Pluto katika picha zilizopigwa huko Flagstaff, Arizona, nchini Marekani. Aliyependekeza jina lake ni mtoto wa kike wa Oxford, Venetia Burney, naye umri wake ulikuwa miaka 11. Wakubwa walimsikiliza, wakalikubali jina alilolitoa.

Mwanzoni ilidhaniwa kwamba uzito wa Pluto wakaribia uzito wa dunia. Mwaka 1978 ulipoonekana mwezi wake, Charon, ikawezekana kuupima kwa hakika, na ikadhihiri kwamba zatakiwa Pluto zaidi ya 400 ili kufikia uzito wa dunia moja. Upana wake ni kiasi cha kilomita 2,377, hali mwezi wetu ni kilomita 3,474. Tangu 1992 vikaonekana vitu vingi vingine huko mbali iliko Pluto, na mwaka 2005 kikatangazwa kimoja, Eris, ambacho uzito wake unaipita Pluto. Wataalamu wakawa hawana budi kuchagua: ama waziite sayari zote hizo, au waitoe Pluto kama wenzao wa zamani walivyoitoa Ceres.

Tarehe 24 Agosti 2006, wakiwa mkutanoni Prague, wakapiga kura. Wakasema kwamba sayari ni ile inayolizunguka jua, iliyo mviringo kwa uzito wake wenyewe, na iliyosafisha njia yake isibakishe wenzi. Pluto ina sifa mbili za mwanzo, haina ya tatu. Kwa hiyo ikaitwa sayari kibete, na sayari zikabaki nane. Pluto yenyewe haikubadilika kitu. Ingali inakwenda mwendo wake wa miaka 248, na tangu ilipoonekana mwaka 1930 haijamaliza hata mzunguko mmoja. Kilichobadilika ni fahamu zetu.

TUPATAYO KATIKA KHABARI HIZI

Wako ndugu zetu waionao khabari hii yote kuwa ni dalili ya udhaifu wa sayansi. Husema, "Leo hivi, kesho vile, tuwaamini vipi?" Twawaomba wafikiri. Daktari aliyekubadilishia dawa baada ya kuona kuwa ya kwanza haikufai ni bora kuliko yule anayeendelea kukunywesha ile ile kwa kuona haya. Tena kila sahihisho lilijengwa juu ya kazi ya yule aliyesahihishwa: Kepler asingalipata kitu bila ya Tycho, wala Copernicus bila ya waliomtangulia.

Wako na wengine ambao, kila ikitoka khabari mpya ya sayansi, hukimbilia kusema kwamba imo katika Qur'ani. Nia yao ni njema, lakini tuhadhari. Kitabu cha Mwenyezi Mungu hakibadiliki, na rai za wanaadamu hubadilika. Ukikifunga kile kwa hii, siku rai itakapobadilika utamwambia nini mtoto wako? Qur'ani inatuamrisha tutazame na tutafakari. Kuhesabu sayari tumeachiwa sisi, kwa macho na akili tulizopewa.

Na tukumbuke yaliyotokea Madina. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, jua lilipatwa, na watu wakasema kwamba limepatwa kwa msiba ule. Mtume, hali yumo katika huzuni ya mwanawe, hakuyanyamazia maneno yale, ingawa yalikuwa ya kumtukuza. Aliwasahihisha, akawafahamisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Ikiwa yeye hakukubali kosa lenye kumpamba, sisi ni nani hata tuling'ang'anie kosa kwa sababu ya mvi zetu?

Baada ya kuyasoma haya tulirudi chuoni. Tulingoja watoto wote wakae, khalafu tukasema mbele yao: "Siku ile mwenzenu alisema kweli, na sisi tulikosea. Tena tulimtahayarisha, na kwa hilo twamwomba radhi." Chuo kizima kikanyamaza, maana hawakuzoea kusikia neno kama hilo kutoka mahali tunapokaa. Yule binti hakusema kitu siku ile. Siku ya tatu, katikati ya somo la tajwidi, akainua mkono akauliza swali. Swali lenyewe lilikuwa dogo, lakini sisi tulilifurahia kuliko mengi makubwa.

Basi enyi wazazi, mtoto akija nyumbani na khabari ambayo ninyi hamkufundishwa, msimzibe mdomo. Mwulizeni ameipata wapi, mkaitafute pamoja naye. Ikiwa ni kweli mtakuwa mmefaidika wote wawili. Ikiwa si kweli ataona kwa macho yake namna ya kupambanua. Nanyi vijana, mkijua jambo wasilolijua wakubwa wenu, lisemeni kwa adabu kama alivyolisema binti yule, wala msijivune, kwani mtakayoyajua leo huenda wanenu wakayasahihisha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu, na atupe moyo wa kuipokea hata ikija kutoka mwisho wa mkeka. Amin.